Bamba Hupotea, Haki Haipotei

Katika nchi ya Marekani wapo watu wengi wapendao malori ya kale. Huyatafuta mashambani, chini ya miti na ndani ya mabanda ya majani makavu. Huyanunua yakiwa yameliwa na kutu, kisha huyatengeneza kwa miezi na miaka hata yakatembea tena. Ni kazi njema, maana huhifadhi ufundi wa wazee na kuwafundisha vijana kutumia mikono yao. Lakini mara nyingi, lori likiisha kusafishwa, mwenyewe hugundua jambo la kumtia mashaka: bamba dogo la chuma lenye namba ya kulitambulisha halipo. Mahali pake yapo matundu mawili ya ribiti tu. Hati ya umiliki nayo haipo. Aliyemwuzia alimwandikia karatasi ya mkono, au hakumpa kitu.

Hapo huzuka maswali mawili, nasi twapenda kuyapima leo pamoja na wasomaji wetu. La kwanza: lori hili ni lipi? La pili: lori hili ni la nani? Watu wengi huyachanganya maswali hayo, wakidhani kwamba aliyekwisha kujibu moja amejibu na la pili. Sivyo. Na kosa la kuyachanganya si la Wamarekani peke yao, wala si la malori peke yake. Nyumba nyingi zina kitu kilichorithiwa au kununuliwa, nacho karatasi yake haionekani: kiwanja, cherehani, pikipiki. Basi shauri hili, ijapokuwa ni la ugenini, latuhusu na sisi.

Yafaa kwanza tujue namba hiyo ni kitu gani. Siku hizi kila gari jipya katika Marekani hupewa namba yenye alama 17, tarakimu na herufi pamoja. Utaratibu huo ulianza kwa magari ya mwaka 1981. Herufi I, O na Q hazitumiwi kamwe, kwa kuwa zaweza kudhaniwa kuwa 1 na 0; tena alama ya tisa hupatikana kwa hesabu maalumu, ili mtu akibuni namba, au akikosea kuiandika, hesabu imfichue. Kabla ya hapo kila kiwanda kilijipangia mambo yake. Motokaa za Ford za Model T, pamoja na lori lake la TT lililoanza kuundwa mwaka 1917, zilitambulishwa kwa namba iliyogongwa kwenye injini. Katika Model A, iliyoundwa tangu 1928 hata 1931, namba ya injini iligongwa pia juu ya chuma cha kushoto cha chesisi, yaani ile fremu ibebayo gari zima, mahali panapofunikwa na bodi. Malori ya Ford ya F-1, ya miaka 1948 hata 1952, nayo yaligongwa namba kwenye chesisi. Malori ya Chevrolet yaliyoundwa kati ya 1947 na 1955 yalitiwa bamba kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Lakini siku zile majimbo mengi yaliandika katika hati namba ya injini, wala si namba ya bamba.

Msomaji ameshaona tatizo litokapo. Injini huchakaa. Mkulima wa miaka ile, injini yake ikifa wakati wa mavuno, hakuwa na nafasi ya kwenda mjini kuuliza karani. Alinunua injini nyingine, akaifunga, akaendelea na kazi yake. Hakumwibia mtu. Lakini hati iliyobaki sandukuni mwake ilitaja injini iliyokwisha kutupwa, na mjukuu wake leo anayo karatasi isiyolingana na lori, na lori lisilolingana na karatasi. Mwingine kichwa cha lori lake kilibomoka. Akachukua kichwa cha lori la jirani, kikaja na bamba lake mlangoni. Je, sasa lori hilo ni lipi? Lile la chesisi, lile la kichwa, au lile la injini?

Wayunani wa kale walibishana juu ya jambo kama hili. Plutarch aeleza habari za meli ya Theseus, ambayo mbao zake zilizooza zilibadilishwa moja moja. Wanafalsafa wakagawanyika, hawa wakisema ni meli ileile, na wale wakikana. Ubishi huo ni mtamu darasani, lakini barabarani hautoshi. Polisi, mnunuzi na mahakama wahitaji jibu. Ndiyo maana watu walichagua mahali pa kuliweka jina la gari, wakapatana kwamba jina litakaa hapo hata vipande vingine vikibadilika. Namba si roho ya lori. Ni mapatano ya watu ili waweze kuaminiana juu yake. Lakini mapatano yakivunjwa, na uaminifu huvunjika pamoja nayo.

Je, mtu mwenye lori lisilo na bamba afanye nini? Kabla ya kuuliza watu, na alihoji lori lenyewe. Achukue brashi ya waya na mafuta ya kulainisha kutu. Asiguse mashine ya kusaga, maana namba iliyogongwa zamani ina kina kidogo, na fundi mwenye haraka aweza kuifuta kwa nusu dakika. Atafute katika vitabu vya kiwanda ni chuma kipi kilichogongwa namba, kisha aangaze taa kwa ubavu, ili kivuli kiingie katika mikwaruzo. Mara nyingi jina la lori lipo palepale, chini ya rangi na matope ya miaka sabini.

Tena viko vipande vyenye kusema umri wake. Katika vyuma vya injini vilivyomiminwa na viwanda vya Chevrolet huonekana herufi na tarakimu: A ni Januari, B ni Februari, na kuendelea hata L ambayo ni Desemba. Akiona C 12 9, ajue kwamba chuma hicho kilimiminwa tarehe 12 Machi, katika mwaka uishao na 9. Kama ni 1939, 1949 au 1959, sura ya injini itamwambia. Kazi hii yataka utulivu, nayo huzoeza akili kupima ushahidi badala ya kukisia.

Lakini hapa twaomba msomaji asimame kidogo. Mtu akiisha kusoma alama zote hizo, amejua nini? Amejua injini ilitoka kiwandani lini, na chesisi ni ya aina gani. Amejibu swali la kwanza, pengine nusu yake. Swali la pili halijaguswa. Chuma chaweza kusema, "Nilimiminwa mwezi Machi", hakiwezi kusema, "Mimi ni wako."

Hapo ndipo kishawishi hubisha hodi. Mahali fulani lipo lori jingine la mwaka uleule, limeoza lisitengenezeke tena, bali bamba lake na hati yake vipo, na mwenyewe yu tayari kuviuza. Mtu aweza kuvichukua, akalipigilia bamba kwa ribiti mbili, akaenda ofisini na karatasi safi. Au aweza kununua bamba jipya la kuigiza na kuligonga namba aipendayo. Atasema: "Nimemdhuru nani? Lori lile limekufa, na hili lilikuwa likioza shambani. Nimeunganisha viwili visivyofaa, nikapata kimoja chenye kufaa."

Maneno hayo yana utamu, wala hatutaki kuyadharau. Mwenye kuyasema pengine si mwizi. Amelipa fedha yake, ametoka jasho lake. Tena ni kweli kwamba sheria yaweza kumwonea mtu kama yeye. Katika jimbo la Kansas mtu mmoja alinunua motokaa ya Corvette ya mwaka 1959, akaenda kuiandikisha. Mkaguzi aliona kwamba bamba la namba lilikuwa limeondolewa na kurudishwa wakati gari lilipotengenezwa upya. Gari lilikamatwa, na kwa sheria ya wakati ule lingeweza kuharibiwa, ijapokuwa hakuna aliyemshitaki mnunuzi huyo kwa wizi wala udanganyifu. Kesi iliendelea kwa miaka, hata mwaka 2022 Bunge la jimbo hilo likaibadili sheria, ili kuondoa bamba la gari la kale kwa ajili ya matengenezo halali kusiwe sababu ya kulipoteza gari. Twaona Bunge lilitenda vema. Sheria isiyoweza kumtenga fundi na mwizi humfundisha fundi kujificha kama mwizi.

Hata hivyo kulirudisha bamba la gari lenyewe ni jambo moja, na kulivika gari bamba la gari jingine ni jambo la pili. Sheria ya nchi nzima ya Marekani humtia hatiani mtu aondoaye au abadiliye namba ya gari kwa kujua, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 5. Nayo huwaachia nafasi mafundi wanaolazimika kuigusa namba katika matengenezo ya halali. Lakini tusiliegemee gereza peke yake. Jambo hili lingekuwa baya hata kama polisi wangelala.

Ni baya kwa sababu bamba ni shahidi. Limewekwa hapo liseme neno moja tu, "Hili ndilo gari lile." Kulihamisha ni kumfundisha shahidi kusema uongo mbele ya kila mtu atakayekuja kuuliza, leo na baada ya miaka hamsini. Anayesema uongo kwa mdomo hudanganya waliopo. Anayepigilia uongo kwa ribiti huwadanganya na wasiozaliwa bado.

Tena si kweli kwamba hakudhuriwa mtu. Mnunuzi wa kesho atalipa fedha kwa kitu ambacho si kile alichoambiwa, na siku mkaguzi atakapoinama chini ya chesisi na kuikuta namba ya pili, ni yeye atakayenyang'anywa lori, wala si aliyelivika bamba. Tena labda yuko mtu, au watoto wa mtu, ambao lori hilo liliibwa kwao. Namba ya kweli ilikuwa njia yao ya mwisho ya kulipata. Aliyeifunika ameifunga njia hiyo bila hata kuuliza kama yuko anayeipita. Na mdanganyi mwenyewe hana raha: hawezi kuuza bila hofu, wala kumwonyesha rafiki kazi yake bila kuchagua maneno. Wazee wetu walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi, nao walijua.

Wako watakaotujibu, "Basi twende mahali ambapo serikali itatupa karatasi bila kuuliza sana." Mahali hapo palikuwapo. Kwa miaka mingi jimbo la Vermont liliwaandikishia magari yenye umri wa zaidi ya miaka 15 hata watu wa majimbo mengine, kwa njia ya posta, wala halikudai hati ya umiliki. Wengi walioitumia njia hiyo walikuwa watu waaminifu waliopoteza karatasi zao. Mwaka 2023 jimbo hilo liliufunga mlango kwa wasio wakazi wake. Lakini hata ulipokuwa wazi, ulitoa karatasi, haukuumba haki. Ikiwa lori ni la mwingine, muhuri wa ofisi haulifanyi kuwa langu. Wanasheria wa Roma ya kale walikwisha kusema kwamba hakuna awezaye kumpa mwenzake haki asiyokuwa nayo yeye mwenyewe.

Hapo twafika kwenye kiini cha shauri letu. Walimu wa maadili tangu zamani hugawa wenye kushika mali katika mafungu matatu. Wa kwanza hushika kwa nia njema: anaamini kwa sababu za haki kwamba kitu ni chake. Wa pili hushika kwa nia mbaya: anajua kwamba ni cha mwingine. Huyu shauri lake ni jepesi kusema, ijapokuwa ni gumu kutenda: arudishe. Wa tatu yumo katika shaka, na mwenye lori lisilo na bamba mara nyingi ni mmoja wao. Huyu hapaswi kukitupa kitu chake kwa sababu ya shaka tu, wala hapaswi kujihukumu mwizi. Lakini anao wajibu mmoja asioweza kuukwepa, nao ni kutafuta. Na utafutaji wake uwe wa kweli, wa mtu aliye tayari kupokea jibu asilolipenda. Akiisha kutafuta kwa bidii inayolingana na thamani ya kitu, asipate mwenyewe mwingine, aweza kukishika kwa amani. Asiyetafuta kwa kuogopa atakachokiona, huyo ameshatoka katika shaka, naye yu karibu na nia mbaya kuliko anavyodhani.

Tena mwenye kutafuta asihukumu haraka upande wa pili. Kukosa hati si dalili ya wizi. Jimbo la New York, mathalani, halitoi hati za umiliki kwa magari ya mwaka 1972 na ya nyuma yake. Hutumia karatasi za uandikishaji. Kadhalika, jina kutoonekana katika orodha ya magari yaliyoibwa si ushahidi kamili wa usafi. Orodha ya polisi ya nchi nzima ilianza Januari 1967; lori lililoibwa 1955, ambalo mwenyewe alikwisha kulikatia tamaa, laweza lisiwemo. Basi amwulize aliyemwuzia, na aliyemwuzia huyo. Awaulize wazee wa kijiji lilikokaa. Aandike majibu pamoja na tarehe, apige picha matundu ya ribiti kabla ya kuyapaka rangi.

Akiisha kufanya hayo yote, sheria yenyewe ina njia za kumsaidia. Majimbo yana utaratibu wa kulikagua gari lisilo na namba na kulipa namba mpya ya serikali. Wapenzi wa vitu vya kale hawaipendi namba hiyo, kwa kuwa hupunguza fahari ya lori, labda na bei yake. Sisi twaona ina heshima kubwa kuliko bamba la kuazima. Yasema kweli tupu: "Jina la kwanza halikupatikana, hili limetolewa hadharani."

Iko na njia ya dhamana. Katika Texas mtu asiye na hati ya kutosha huweza kuweka dhamana kwa kampuni, kiasi cha thamani ya gari mara moja na nusu, naye hupewa hati yenye alama ya dhamana hiyo. Dhamana hudumu miaka 3. Katika muda huo, akitokea mwenye haki ya kweli, yuko wa kumlipa. Muda ukipita bila mtu kutokea, hati husimama. Utaratibu huu watupendeza kwa sababu una hekima ya kiutu ndani yake. Haumwambii mtafutaji, "Wewe ni mwizi mpaka uthibitishe." Wala haumwambii mwenye mali asiyejulikana, "Umechelewa, nenda zako." Huyu huachiwa kutumia lori lake, na yule huwekewa mlango wazi kwa miaka mitatu. Kumwekea mlango wazi mtu usiyemjua, ambaye labda hatakuja kamwe, hiyo ndiyo haki katika sura yake iliyo safi.

Turudi kwetu. Katika Tanzania kadi ya gari huonyesha namba ya chesisi na namba ya injini. Ni wangapi, wanunuapo pikipiki au gari lililotumika, huinama kuzilinganisha namba hizo na chuma chenyewe kabla ya kutoa fedha? Ni wangapi hununua na kuendelea kutumia kadi yenye jina la mtu wa kwanza, hata mtu huyo akafa, na warithi wake wasiujue uuzaji ule? Bei ikiwa ndogo mno na muuzaji akiwa na haraka mno, bei hiyo yenyewe ni swali. Asiyetaka kuliuliza ameshajibu kitu moyoni mwake.

Na kina baba na kina mama twawasihi hivi: waandikieni watoto wenu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ukibadili injini, andika, upeleke habari ofisini. Ukiuza, andika, na mashahidi watie sahihi. Ukinunua shamba, mpaka wake uandikwe wangali hai wanaoujua. Mjane aliyeachiwa lori bandani bila karatasi hakutenda kosa lolote, lakini ndiye atakayesimama mbele ya madirisha ya ofisi mwaka mzima kwa sababu ya dakika kumi ambazo mumewe hakuzitumia. Nao wakaao nyuma ya madirisha hayo na wamkumbuke: ushuru na kanuni viwekwe, lakini njia ya mtu mkweli isiwe ndefu kuliko ya mdanganyifu. Njia ya halali ikizibwa kwa urasimu, watu wataiacha, na lawama haitakuwa yao peke yao.

Kutu hula bamba, moto huunguza hati, na wanaokumbuka hufa. Hayo hayazuiliki, wala hakuna alaumiwaye kwayo. Kilichobaki mikononi mwetu ni namna ya kusema pale tusipojua. Mtu aliyesimama mbele ya lori lisilo na jina aweza kulipa jina la wizi na kulala na hofu yake, au aweza kusema wazi, "Sijui, ngoja nitafute," akangoja. Huyu wa pili huenda akachelewa kuendesha. Lakini siku atakapoendesha, ataweza kusimama mbele ya askari yeyote, na mbele ya mtoto wa yeyote, akafungua mlango na kusema, "Tazameni."